Konzi Moja ya Unga: Tafakari ya Kwaresima Wakati Vyuma Vimekaza

 

Wapendwa vijana wenzangu, wiki chache kabla ya Jumatano ya Majivu nilipata ruhusa ya siku nne kwenda kumwona mama Kibakwe. Wanaoifahamu njia ile wanajua. Ukishatoka Mpwapwa na kupita Gulwe, mwezi wa pili, mvua imenyesha, hapo unasali rozari kwa umakini kuliko hata seminarini. Nilifika jioni nikiwa na tope mpaka magotini. Mama akacheka kwanza, halafu ndiyo akaitikia shikamoo.

Mwezi wa pili kwetu si mwezi wa kuchezea. Mahindi yamesimama shambani, ya kijani, yanapendeza macho, lakini hayaliwi. Uwele na mtama bado. Kihenge kimebaki na kidogo cha chini. Ni kile kipindi ambacho kila mama wa kijijini anakuwa mhasibu bila kusomea chuo chochote. Mwaka huu ukichanganya na bei za vitu dukani, kila niliyekutana naye njiani alikuwa na wimbo mmoja: Frateri, vyuma vimekaza.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Nilikuwa nimekaa jikoni namtazama mama akipika. Alichota unga akauweka kwenye sinia. Maji yalipoanza kuchemka, kabla hajamimina kitu, akarudisha mkono kwenye ule unga, akachukua konzi moja, akaiweka kwenye kindoo cheupe chenye mfuniko kilichokuwa pembeni. Sikuuliza. Jioni akafanya vilevile. Kesho yake mchana tena. Konzi moja, mfuniko, kazi inaendelea.

Siku ya tatu unga wa ndani ulikuwa umebaki wa uji tu. Mashine ya kusaga pale jirani iliharibika tangu juzi yake, na fundi alikuwa anasubiriwa kutoka Mpwapwa. Mimi kwa akili zangu za msomi nikafungua kile kindoo. Kumbe kimejaa! Kama kilo nne hivi. Nikamwambia, "Mama, unahangaika nini? Huku kuna unga wa kutosha."

Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Huo si wetu, Frateri."

"Ni wa nani sasa?"

"Wa atakayepiga hodi."

Na kweli, jua lilipozama hodi ikapigwa. Jirani yetu mmoja, mama mjane anayelea wajukuu. Alikaa, tukasalimiana salamu ndefu za kwetu, akauliza habari za seminari, akauliza habari za mvua za huko nilikotoka. Alichofuata hakukisema. Mama naye hakumuuliza. Aliinuka tu, akaingia ndani, akatoka na bakuli limejaa unga na fungu la mlenda mkavu juu yake. Akamwambia, "Wapelekee wajukuu, mashine ikipona tutaonana." Sisi usiku ule tulikunywa uji wa chumvi tukalala.

Ningependa kuwaambia kwamba nililala nikimtukuza Mungu. Hapana. Nililala nimenuna, kwa sababu nyingine kabisa. Simu yangu ilikuwa imejifunga.

Naomba nikiri mbele yenu. Mwezi wa nane mwaka jana, nilipoanza mwaka wa uchungaji baada ya kumaliza falsafa, nilichukua simu ya mkopo. Mnazijua. Unatanguliza kidogo, kisha unalipa kila siku, na usipolipa inajifunga. Mimi nilitanguliza 60,000, na kila siku ni 1,500 kwa mwaka mzima. Posho ninayopewa parokiani ni ndogo, lakini nilijiambia 1,500 ni kitu gani? Ni soda na chapati mbili. Sasa pale Kibakwe hela imeisha, simu imefungwa, na mimi mtu mzima, shahada ninayo, namwomba mama 3,000.

Mama alitoa. Alifungua kibubu chake, akahesabu, akanipa. Halafu akauliza kwa upole tu, bila kejeli, "Hiyo simu inakula kila siku?"

Nikasema, "Ndiyo mama, kila siku."

Akasema, "Sisi hapa unga tunaupima. Wewe yako huipimi?"

Nilichukua karatasi. 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Ongeza 60,000 ya kutanguliza, ni 607,500. Simu hiyohiyo dukani, kwa hela taslimu, ilikuwa 350,000. Yaani kwa kukosa subira ya miezi michache nilikubali kutoa 257,500 bure. Kwa bei ya wakati wa mavuno, hayo ni magunia matatu ya mahindi na chenji inabaki. Magunia matatu! Na mama yangu anakusanya konzi moja moja.

Ndiyo maana nimeamua kuandika tafakari hii.

Yesu na vipande vilivyobaki

Tufungue Injili ya Yohane sura ya 6. Habari hii tunaijua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza: mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, watu elfu tano, wote wanakula na kushiba. Mara nyingi tunaishia hapo, kwenye muujiza. Lakini soma mstari wa 12. Watu wakishashiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote. Wakakusanya vikapu kumi na viwili.

Hebu tufikiri pamoja. Huyu ni Bwana aliyetoka kulisha maelfu muda uleule. Kama kuna mtu duniani asiyehitaji mabaki, ni yeye. Kesho akitaka mikate mingine, si anafanya tena? Na bado anawatuma Petro na wenzake wapite kwenye majani wakiokota vipande. Tena mkate wa shayiri ulikuwa chakula cha watu wa kawaida. Ni kama leo aseme, kusanyeni makoko ya ugali wa uwele.

Mimi naona hapa Yesu anatufundisha kwamba wingi si ruhusa ya kumwaga. Chakula ni zawadi, na zawadi haitupwi eti kwa sababu mtoaji ni tajiri. Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Juni 2013, alisema wazi kwamba chakula tunachokitupa ni kama tumekiiba mezani pa maskini. Miaka miwili baadaye, katika waraka wake Laudato si', namba 211, alitaja mambo madogo kabisa ya nyumbani: kupunguza matumizi ya maji, kuzima taa zisizohitajika, kupika kiasi kitakacholiwa. Mambo ambayo bibi zetu waliyafanya bila waraka. Baba Mtakatifu aliyahesabu kuwa sehemu ya upendo wa Kikristo.

Kubana matumizi si ubahili

Hapa wengi tunachanganya. Kijana akisikia "bana matumizi" anamkumbuka yule mjomba ambaye soda ya mgeni anaigawa kwenye glasi tatu. Hapana, huyo ni jambo jingine.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha Maadili kwa Nikomako, anasema ukarimu umekaa katikati. Upande huu kuna ubadhirifu, upande ule kuna ubahili. Na anasema jambo ambalo lilinichoma nilipolikumbuka pale kwa mama: mbadhirifu mara nyingi huishia kuchukua mahali pasipostahili, kwa sababu chake kimekwisha. Ndiyo mimi na 3,000 ya kibubu. Ndiyo kijana anayekopa kwenye simu ili kulipa mkopo mwingine wa simu. Ndiyo yule ambaye mkeka umechanika Jumamosi, Jumatatu anaweka mwingine akiamini atarudisha hela yake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anaongeza kitu cha kutusaidia. Anakubali kwamba mtu anaweza kumiliki mali yake na kuisimamia, maana kila mtu hutunza vizuri kilicho chake. Lakini kuhusu matumizi, anasema mtu avione vitu vyake kama vya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Sasa tazama kile kindoo cheupe. Mama ndiye mwenye unga, yeye ndiye anayeupima na kuufunika vizuri mende wasiingie. Lakini aliposema "huo si wetu," alikuwa anasema kitu kilekile cha Thomas, na kitabu chake hajawahi kukiona.

Kwa hiyo tofauti kati ya bahili na mwenye kiasi usiitafute kwenye kiasi cha akiba. Wote wawili wanakusanya. Uliza tu: kilichokusanywa kinamngoja nani? Yule tajiri wa Luka sura ya 12 alikusanya sana, akapanga kujenga ghala kubwa zaidi. Katika hesabu zake zote hakutajwa jirani hata mmoja. Alizungumza na nafsi yake peke yake. Usiku uleule akaondoka, ghala zikabaki.

Tusidanganyane

Kabla sijataja mazoea ya nyumbani, naomba tuseme ukweli, kwa sababu mada hii ikizungumzwa vibaya inawaumiza maskini.

Ukweli wa kwanza: watu si maskini kwa sababu hawajui kubana matumizi. Nyumba nyingi za kwetu hakuna tena cha kubana. Wazee wa Ugogo wanakumbuka njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Neno lenyewe lina maana ya kunyang'anyana, kugombania. Ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita. Ukame ulipopiga mwaka 1917, nyumba zilikuwa tupu. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000. Mtu mmoja kati ya watano! Wale hawakuwa wabadhirifu. Walikuwa na vihenge, na walijua kukausha mboga na kutunza mbegu. Kilichowaua ni kile walichonyang'anywa kabla mvua haijakata.

Kwa hiyo ukiona mtu hana, usikimbilie kumhubiria habari za akiba. Pengine kuna mtu anamlipa ujira usiotosha. Pengine kuna aliyemkopesha kwa riba ya kausha damu. Haki bado inadaiwa, na Mkristo anayefundisha kuweka akiba bila kudai haki anafundisha nusu ya Injili.

Ukweli wa pili: sikuahidi kwamba ukitoa konzi moja Mungu atakurudishia gunia. Siku hizi mahubiri ya namna hiyo ni mengi: panda mbegu, uvune gari. Lakini someni tena habari za mjane wa Sarepta, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 17. Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, na mtoto. Akampa Eliya kwanza. Alipata nini? Hakupata ghala. Unga haukuisha na mafuta hayakupungua mpaka mvua iliporudi. Aliendelea kupika kidogo kidogo, siku kwa siku. Ahadi ya Mungu kwake ilikuwa kwamba kesho kutakuwa na cha kupika. Mimi naona hiyo ni ahadi kubwa kuliko gari.

Mazoea ya nyumbani

Haya, sasa tuje kwenye vitendo. Haya niliyachukua kwa mama na majirani zake, mengine nimeyajifunza kwa makosa yangu. Chagua hata mawili kwa Kwaresima hii.

La kwanza, andika. Nunua daftari dogo. Kila shilingi inayotoka, andika jioni kabla ya sala ya usiku: vocha, bando, makato ya kutuma na kutoa, bodaboda, soda. Usijihukumu wiki ya kwanza, andika tu. Katika Luka sura ya 14 Yesu anauliza nani anayeanza kujenga mnara bila kukaa kwanza na kupiga hesabu. Angalia neno hilo, kukaa. Sisi tunatumia hela tukiwa tumesimama. Mimi nimeifanya iwe sehemu ya kutafiti dhamiri. Nikishaona nimetumia wapi, naona pia moyo wangu ulikuwa wapi siku hiyo.

La pili, usiuze chakula chote wakati wa mavuno. Hili ni la sisi wa vijijini na kwa mliopo mjini mnaowashauri wazazi. Tuseme debe la mahindi mwezi wa saba umeliuza 8,000, na mwezi wa pili unalinunua 16,000. Maana yake kwa kila debe umemlipa mtu 8,000 akutunzie mahindi yako mwenyewe. Tunza mwenyewe. Yakaushe mpaka ukiuma punje inalia ka! Yapepete, ondoa yaliyovunjika, kisha tumia ile mifuko isiyopitisha hewa, uifunge vizuri kabisa. Dumuzi, yule ambaye wengine humwita Skania, akikosa hewa anakufa bila dawa yoyote, na unga wako unakuwa salama kwa watoto. Bei ya mfuko inauma siku ya kununua, lakini ukiutunza usitoboke unautumia zaidi ya msimu mmoja. Yosefu kule Misri, Mwanzo sura ya 41, alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Si lazima ufikie sehemu ya tano. Anza na gunia moja lisiloguswa mpaka Januari.

La tatu, kausha mboga. Mwezi huu mlenda na majani ya kunde vimejaa mpaka vinaliwa na mbuzi. Mwezi wa tisa utavinunua kwa fungu. Vianike kivulini penye upepo, visiungue na jua kali, uvitunze pakavu. Kuna vijana wa Kigogo walioko Dar wanaoona aibu kula mlenda mkavu mbele ya wageni. Jamani, hicho ndicho chakula kilichowavusha babu zetu.

La nne, punguza moto. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva kwa kuni chache zaidi. Funika sufuria. Yakishachemka vizuri na kukaribia kuiva, yatoe motoni na mfuniko wake, uyaweke kwenye kapu lililojazwa matambara na kufunikwa vizuri. Yataendelea kuiva yenyewe kwa moto wake. Aliyeko mjini anaokoa mkaa. Aliyeko Kibakwe anamwokolea mama yake au dada yake safari ya porini kutafuta kuni, na hilo halihesabiki kwa shilingi.

La tano, nunueni pamoja. Maskini hulipa bei kubwa kuliko tajiri kwa sababu ananunua kidogo kidogo: mafuta ya kupima, sukari ya kufungiwa kwenye karatasi, kipande cha sabuni. Familia tano za Jumuiya Ndogo Ndogo wakichanga, wananunua dumu zima la mafuta na mche mzima wa sabuni, wanagawana. Tunakutana kila wiki kusali, tunashindwaje kugawana dumu? Na mkiwa na kikundi cha hisa, basi kiwe cha uaminifu, vitabu viwe wazi, na mfuko wa jamii usiwe jina tu.

La sita, sherehe. Hapa nitawaudhi baadhi yenu, mnisamehe. Mtoto anapokea Komunyo ya kwanza, familia inakopa kwa ajili ya keki, turubai na muziki. Wiki mbili baadaye mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa chakula shuleni. Kipaimara hivyohivyo, harusi ndiyo usiseme. Roho Mtakatifu hasubiri turubai. Furahini, pikeni, imbeni, lakini msherehekee kwa kile mlichonacho. Na ninyi vijana wa kwaya na VIWAWA mna nafasi ya kulianzisha hili, kwa sababu sare mpya kila Pasaka mnaidai ninyi.

La saba, chochote kinachokula kila siku, kipime kabla hakijaanza kula. Simu ya mkopo, mikopo ya haraka, kubeti, bando la usiku. Zidisha kwa siku 365 kabla ya kusema ndiyo. Kama ningefanya hesabu ya dakika mbili mwezi wa nane, leo nisingekuwa nawasimulia haya.

Konzi yako inaenda wapi?

Kuna kitabu cha kale cha Kikristo cha karne ya pili kinachoitwa Mchungaji wa Hermas. Ndani yake kuna maelekezo ya kufunga ambayo nayapenda sana. Mkristo anaambiwa kwamba siku anayofunga apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, na kiasi hicho ampe mjane, yatima au mwenye shida. Wakristo wale wa mwanzo hawakutenganisha mfungo na akiba wala akiba na sadaka. Vyote vitatu vilikuwa tendo moja.

Sisi tumevitenganisha. Tunafunga Ijumaa mchana, jioni tunakula mara mbili. Tunaacha soda siku arobaini, halafu hela ya soda hatujui ilikwenda wapi. Ukiuliza, utakuta imegeuka bando. Mfungo wa namna hiyo umeshughulika na tumbo tu. Jirani hajaonja chochote.

Kwa hiyo Kwaresima hii napendekeza tuwe na kindoo. Kwa anayepika, kiwe kindoo kweli, konzi moja ya unga au ya mchele kila unapopika. Konzi mbili kwa siku, baada ya mwezi utashangaa ni kilo ngapi. Kwa mwanafunzi wa chuo anayeishi geto, kiwe kibubu: kila ulichojinyima kiingie humo siku hiyohiyo, hata kama ni shilingi mia mbili. Kwenye mfuniko uandike: SI WETU. Kikijaa, usingoje Pasaka wala usitafute mpiga picha. Subiri hodi. Na kama hodi haipigwi, nenda wewe ukapige. Wako watu wenye aibu ambao hawatakuja kamwe, kama yule jirani yetu aliyeuliza habari za mvua kwanza.

Kwa upande wangu, simu bado naidaiwa. Zimebaki siku 150 na kitu. Nimeanza daftari, na ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika 3,000 ya mama, maana nayo ni deni. Nilimwambia kwa simu hiyohiyo kwamba nitamrudishia kabla ya Pasaka. Akasema, "Usinirudishie mimi. Weka kwenye kindoo chako." Nikamwambia sina kindoo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsalimie Paroko.

Basi nimekitafuta. Ni kopo la maziwa ya unga, liko mezani pangu hapa ninapoandika. Mpaka leo lina 1,200.

Maswali ya kutafakari

1. Ni kitu gani katika maisha yako kinachokula kila siku bila wewe kukipima?
2. Mara ya mwisho ulipojinyima kitu, ulichookoa kilikwenda kwa nani?
3. Ni nani karibu na nyumbani kwenu ambaye angekuja kupiga hodi kama asingeona aibu?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewalisha wengi na bado ukaagiza vipande vikusanywe, tupe macho ya kuona kinachopotea mikononi mwetu. Utuponye na ubadhirifu unaotufanya ombaomba, utuponye na ubahili unaotufanya viziwi. Uwakumbuke wote ambao usiku huu wanalala na uji wa chumvi, na wale ambao hata huo hawana. Uwape nguvu wanaodai haki ya mkulima na mfanyakazi. Utubarikie mikono ya mama zetu, na utufundishe kutenga konzi moja kila siku, mpaka mvua itakaporudi. Amina.

Nawatakia Kwaresima njema. Tuombeane.

Frateri wenu, kutoka Kibakwe